Mshindo wa Ndege Inayoipita Sauti

Ndege inapokwenda kwa kasi inayozidi ile ya sauti, watu walio chini husikia kishindo cha ghafla, mara nyingi viwili vinavyofuatana, kinachotikisa madirisha na kushtua mifugo. Wanapoinua macho, ndege yenyewe imeshafika mbali. Kishindo hicho hakitoki kwenye injini, na hakuna kitu kilichopasuka. Ni hewa iliyogandamizwa kwa ghafla na mwili wa ndege, kisha mgandamizo huo ukasafiri hadi ardhini. Imezoeleka kusema kwamba mshindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapovuka kasi ya sauti, kana kwamba kuna ukuta angani unaovunjwa kisha mambo yakaisha. Dhana hii imeenea mno na inafaa kuondolewa mapema, maana anayeishikilia hawezi kuelewa sehemu iliyobaki. Ndege huzaa mshindo kwa muda wote inapokuwa juu ya kasi ya sauti. Ikivuka bahari nzima kwa kasi hiyo, mshindo nao huivuka bahari nzima, na kila chombo kilicho chini ya njia yake husikia wakati wake ukifika.

Chanzo cha yote ni namna sauti inavyosafiri. Kitu kinapotetema husukuma molekuli za hewa zilizo jirani, nazo husukuma zinazofuata, na msukumo ukapokezanwa hivyo hadi masikioni. Hakuna molekuli inayosafiri safari yote. Kinachosafiri ni msukumo. Kasi ya kupokezana inategemea molekuli zenyewe zinahangaika kwa wepesi gani, na wepesi huo unatawaliwa na joto. Katika hewa yenye halijoto ya nyuzi 15 za Selsiasi, sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita 1,225 kwa saa. Kwenye kimo cha kilomita 11, ambako ndege za abiria hupita, halijoto ya kawaida ni zaidi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, na kasi ya sauti hushuka hadi takriban mita 295 kwa sekunde. Wengi hudhani sauti hupungua kasi huko juu kwa sababu hewa ni nyembamba, lakini sababu ni baridi. Tofauti hiyo ya mita 45 kwa sekunde kati ya juu na chini si jambo dogo: baadaye itaonekana kwamba ndiyo inayoamua kama mshindo utafika ardhini au la.

Ndege inayokwenda chini ya kasi ya sauti hutanguliwa na habari zake. Mgandamizo unaozalishwa na pua na mabawa husambaa pande zote kwa kasi ya sauti, kwa hiyo hufika mbele kabla ya ndege, na hewa huanza kupisha taratibu. Kadiri ndege inavyoikaribia kasi ya sauti, ndivyo mawimbi ya mbele yanavyobanana, kwa kuwa kila wimbi jipya linazaliwa karibu mno na lililotangulia. Ndege ikizidi kasi hiyo, huyapita mawimbi yake yenyewe. Hewa ya mbele haipati taarifa yoyote. Inakutana na pua ya ndege ikiwa imetulia tuli, na inalazimika kupisha papo hapo. Mawimbi yaliyozaliwa hatua kwa hatua yanabaki nyuma yakiendelea kutanuka, na kingo zake zikiungana huchora koni ambayo ncha yake iko kwenye pua na mdomo wake umefunguka nyuma. Boti ya kasi inayoingia bandarini hufanya vivyo hivyo juu ya maji: huacha mikunjo miwili inayotawanyika kama herufi V, na ngalawa iliyofungwa ufukweni haitikisiki mpaka mkunjo umeifikia, ingawa boti imeshapita zamani. Tofauti ni kwamba maji yana uso mmoja tu, ilhali koni ya ndege imezunguka pande zote, juu, chini na ubavuni.

Wembamba wa koni hutegemea uwiano kati ya kasi ya ndege na kasi ya sauti mahali ilipo. Uwiano huo huitwa namba ya Mach. Kwenye Mach 1 koni imefunguka kabisa na kuwa kama ukuta uliosimama wima mbele ya pua. Kwenye Mach 1.4 ubavu wa koni hulala kwa pembe ya karibu nyuzi 45 kutoka kwenye njia ya ndege, kwenye Mach 2 ni nyuzi 30, na kwenye Mach 3 haifiki nyuzi 20. Jina linatokana na Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria aliyekuwa akifundisha Prague. Yeye na Peter Salcher, mwalimu wa chuo cha jeshi la majini huko Fiume, mji ambao leo unaitwa Rijeka katika Kroatia, walifanikiwa mwaka 1886 kupiga picha za risasi ikiwa hewani, na mwaka uliofuata wakachapisha matokeo. Kwa kutumia mwanga unaopinda pale msongamano wa hewa unapobadilika, picha zilionyesha wazi mistari miwili iliyoegemea nyuma kutoka kwenye ncha ya risasi, na mingine kutoka kwenye kitako chake. Koni hiyo ilipigwa picha, basi, miaka 17 kabla ya ndege yoyote yenye injini kuruka. Neno lenyewe, namba ya Mach, lilipendekezwa baadaye sana, mwaka 1929, na mhandisi wa Uswisi Jakob Ackeret.

Koni peke yake haielezi ukali wa mshindo. Mawimbi ya kawaida ya sauti yangeweza kujipanga katika koni na bado yakafika chini kama mvumo laini. Kinacholeta ukali ni tabia moja ya hewa ambayo katika sauti ndogo haionekani kabisa. Ndani ya wimbi, sehemu yenye mgandamizo mkubwa imepata joto kidogo, na hewa yake inasukumwa kuelekea mbele. Sababu hizo mbili huifanya iende kwa kasi zaidi kidogo kuliko sehemu inayoitangulia. Katika mazungumzo ya watu wawili tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba sauti hufifia kabla haijapata nafasi ya kufanya lolote. Katika mgandamizo wa ndege kubwa inayokwenda kasi, kilele cha wimbi hukikimbilia kitako chake, mteremko unazidi kusimama, na mwishowe unakuwa ukuta. Ukuta huo ndio wimbi la mshtuko. Karibu na ndege unene wake ni mdogo mara nyingi kuliko unene wa unywele, na ndani ya unene huo mgandamizo, joto na msongamano wa hewa hupanda ghafla.

Ndege haina wimbi moja tu la mshtuko. Linatoka moja puani, jingine kwenye kioo cha rubani, mengine kwenye mabawa, kwenye midomo ya injini na kwenye mkia. Karibu na ndege yote yanaweza kutofautishwa. Lakini mawimbi yenye nguvu hukimbia zaidi ya yaliyo dhaifu, na safari ya kwenda chini ni ndefu. Yale ya sehemu ya mbele hufikiana na kuungana na la puani. Yale ya nyuma hujikusanya kwenye mkia. Yanapofika ardhini, kwa kawaida yamebaki mawili tu. Mchoro wa mgandamizo unaonaswa na chombo kilichowekwa chini hufanana na herufi N: mgandamizo unaruka juu kwa ghafla, unateremka kwa mstari ulionyooka mpaka chini ya kiwango cha kawaida, kisha unaruka tena na kurudi ulipokuwa. Sikio haliguswi na ule mteremko wa katikati, kwa sababu ni wa polepole mno kwake. Husikia miruko miwili ya ncha. Ndiyo maana vishindo huwa viwili. Kwa ndege ndogo ya kivita, N nzima hupita kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na vishindo viwili hukaribia kuwa kimoja. Kwa ndege ya abiria Concorde, iliyokuwa na urefu wa mita 62, N ilichukua karibu theluthi ya sekunde. Vyombo vya anga vya Marekani vya aina ya shuttle, vilipokuwa vikirudi kutua Florida, vilitanguliwa na vishindo viwili vilivyoachana waziwazi, na wakazi wa eneo lile walivitumia kujua kwamba wanaanga wamekaribia kufika.

Suala la nani anasikia nini linafaa kuangaliwa kwa utulivu. Rubani hasikii mshindo wa ndege yake, kwa kuwa yumo ndani ya koni na anasafiri nayo. Tarehe 14 Oktoba 1947, Chuck Yeager alipoirusha ndege ya roketi Bell X-1 juu ya jangwa la California na kufika Mach 1.06, katika chumba cha rubani kulikuwa na mtikisiko uliotulia, na sindano ya chombo cha kasi iliyoyumba kisha ikapita alama ya 1. Waliosikia ni waliokuwa chini. Mtu aliyesimama ardhini naye husikia mara moja tu, pale ubavu wa koni unapompitia. Ndipo ilipozaliwa dhana kwamba mshindo ni tukio la mara moja. Mtu mwingine aliye kilomita 10 mbele kwenye njia ile ile atasikia sekunde kadhaa baadaye, na wa kilomita 100 mbele baada yake. Ndege inayopita kwenye kimo cha kilomita 16 kwa Mach 2 inakuwa imeshampita msikilizaji kwa zaidi ya kilomita 25 mshindo unapomfikia, na kwa wakati huo karibu dakika nzima imepita tangu iwe juu ya kichwa chake. Wakazi wa London walilijua hili kwa uchungu kuanzia Septemba 1944, yalipoanza kuanguka makombora ya Kijerumani ya V-2: mlipuko ulitangulia, na mvumo wa kombora likishuka ukafuata, kwa walionusurika kuusikia.

Wingu jeupe linaloizunguka ndege katika picha nyingi nalo huhusishwa na mshindo kimakosa. Wingu hilo hutokea pale mgandamizo unaposhuka kuzunguka mabawa, hewa ikapoa na mvuke wake ukaganda kuwa matone. Linaweza kuonekana kabla ndege haijafika kasi ya sauti, na katika hewa kavu lisionekane kabisa hata baada ya kuipita.

Koni inapogusa ardhi huacha ukanda wa mshindo unaoifuata ndege. Kipimo cha makadirio kinachotumiwa na wahandisi ni kwamba kila mita 300 za kimo huongeza takriban kilomita 1.6 za upana, kwa hiyo ndege iliyo kwenye mita 15,000 hupiga ukanda wa karibu kilomita 80. Katikati ya ukanda, moja kwa moja chini ya njia, mshindo huwa mkali zaidi. Kuelekea kingoni hudhoofika na kugeuka ngurumo ya mbali. Kimo kikubwa, kwa hiyo, kina faida na hasara: mshindo unafika ukiwa dhaifu, lakini unawafikia watu wengi zaidi.

Hapa ndipo joto linaporudi kazini. Wimbi linaloshuka hukutana na hewa inayozidi kuwa na joto, na sehemu yake ya chini hukimbia zaidi ya ile ya juu. Matokeo yake wimbi hupinda kidogo kidogo kuelekea juu. Ndege inayoruka kwa mita 330 kwa sekunde kwenye kimo cha kilomita 11 imeizidi sauti ya huko, iliyo mita 295, na ina koni kamili. Lakini kasi hiyo ni ndogo kuliko mita 340 za sauti ya ardhini, na wimbi lake litapinda lote na kurudi juu kabla ya kugusa chini. Katika hali ya kawaida ya hewa mpaka huo uko karibu na Mach 1.15. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom Supersonic ilifika takriban Mach 1.12 juu ya Mojave, California, na mshindo haukusikika ardhini. Pepo na halijoto ya siku hubadilisha mpaka huo, kwa hiyo anayetaka kuutegemea lazima ajue hali ya hewa yote iliyo chini yake.

Mwendo wa ndege nao una sehemu yake. Ikiwa inaongeza kasi, inapiga kona au inapiga mbizi, mawimbi yaliyozaliwa kwa nyakati tofauti yanaweza kufika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mahali hapo mshindo ukawa mara 2 hadi 5 ya ule wa kawaida. Eneo linalopigwa hivyo huwa jembamba na halisogei na ndege. Madhara makubwa ya madirisha mara nyingi yana asili hii, na si ya ndege iliyopita moja kwa moja kwa utulivu.

Kwa vipimo, mshindo ni mdogo kuliko hisia inavyosema. Concorde ikiwa Mach 2 kwenye kimo cha karibu mita 16,000 iliongeza mgandamizo wa hewa ardhini kwa takriban paskali 93, wakati mgandamizo wa kawaida wa anga ni zaidi ya paskali 101,000. Ongezeko hilo halifiki sehemu moja katika elfu. Mtu akishuka ngazi za jengo kutoka ghorofa ya 3 hadi chini, masikio yake hupata badiliko la kiasi hicho hicho bila yeye kuhisi lolote. Mshindo hushtua kwa sababu badiliko linafanyika ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde, na linakuja bila onyo. Kuta na madirisha huitikia zaidi ile sehemu ya mvumo mzito isiyosikika vizuri, ndiyo maana watu walio ndani ya nyumba mara nyingi hulalamika zaidi ya walio nje.

Marekani ilitaka kujua watu wanaweza kuvumilia kiasi gani. Kuanzia Februari hadi Julai 1964, ndege za kivita zilipitishwa juu ya mji wa Oklahoma City mara 8 kwa siku, mpaka vishindo vikafika 1,253. Madirisha 147 ya majengo marefu mawili yalivunjika katika wiki za mwanzo. Mwishoni mwa jaribio, takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema hawezi kuishi na hali ile. Ni vigumu leo kusoma habari za jaribio hilo bila kusikitika kwamba mji mzima ulifanywa maabara. Hata hivyo matokeo yake yalisema kweli, na yaliathiri maamuzi yote yaliyofuata. Mwaka 1973 Marekani ilipiga marufuku ndege za kiraia kuizidi sauti juu ya nchi yake. Nchi nyingine nyingi zilichukua msimamo kama huo. Concorde ya Uingereza ilipoanza safari za abiria tarehe 21 Januari 1976, kituo chake cha kwanza kilikuwa Bahrain, katika Ghuba. Juu ya Ulaya ilijizuia chini ya kasi ya sauti mpaka ilipofika bahari ya Adriatic. Safari iliyoendelezwa kutoka Bahrain kwenda Singapore mwaka 1977 ilisitishwa baada ya siku chache, Malaysia ilipokataa mshindo upite kwake. Ndege iliyobuniwa kuunganisha dunia ilibaki kuvuka Atlantiki tu, hadi ilipostaafishwa mwaka 2003.

Ndege si chombo pekee. Mlio wa mjeledi ni mshindo mdogo wa aina hiyo hiyo, unaozaliwa pale mkunjo wa kamba unapokimbia kuelekea mwisho na kuipita sauti. Risasi ya bunduki hutoa mlio mkali wa kupasuka tofauti na ule wa baruti. Tarehe 15 Oktoba 1997 gari la Thrust SSC, likiendeshwa na Andy Green katika jangwa la Nevada, liliizidi sauti ardhini na mshindo wake ukasikika mbali. Mkubwa kuliko yote kwa miaka ya karibuni ni ule wa Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013: jiwe la angani lenye upana wa karibu mita 20 liliingia kwa takriban kilomita 19 kwa sekunde na kuvunjika angani. Watu walikimbilia madirishani kuangalia mwanga, na zaidi ya dakika moja baadaye wimbi la mshtuko likafika na kuvunja vioo usoni mwao. Waliojeruhiwa walikuwa karibu 1,500. Kuchelewa kwa sauti nyuma ya mwanga ndiko kulikowaponza.

Je, mshindo unaweza kutulizwa? Richard Seebass na Albert George wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwa hesabu, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwamba umbo la ndege likipangwa vizuri, mawimbi yake hayataungana yote kabla ya kufika ardhini. Siri ni kusambaza ongezeko la mgandamizo kwenye urefu wote wa ndege, ili kusiwe na wimbi moja lenye nguvu ya kuyafikia mengine. Hesabu hizo zilisubiri miaka zaidi ya 30 kuthibitishwa hewani. Tarehe 27 Agosti 2003, ndege ya kivita F-5E iliyoongezewa pua nene ya umbo maalumu iliruka kwa kufuatana kwa karibu na nyingine ya kawaida, na vyombo vya ardhini vikanasa N iliyokatwa kilele. Umbo lililotengenezwa juu lilikuwa limedumu hadi chini.

Hatua iliyofuata ni X-59 ya NASA, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025 kutoka Palmdale, California, safari hiyo ikiwa chini ya kasi ya sauti. Ina urefu wa zaidi ya mita 30, na karibu theluthi yake ni pua nyembamba. Injini imewekwa mgongoni ili mawimbi yake yaelekee juu. Rubani hana dirisha la mbele; huona kwa kamera na skrini, kwa kuwa kioo cha kawaida kingezaa wimbi lake. Imekusudiwa kuruka kwa Mach 1.4 kwenye kimo cha karibu mita 16,800, na kiwango kinacholengwa ardhini ni desibeli 75 za sauti inayohisiwa, wakati Concorde ilikadiriwa kufika 105. Wakati huo huo, Juni 2025 rais wa Marekani aliagiza marufuku ya mwaka 1973 ianze kuondolewa, na nafasi yake ichukuliwe na kiwango cha kelele.

Kuna sehemu ya mshindo ambayo umbo haliwezi kuiondoa. Nusu ya kwanza ya tatizo ni unene wa ndege, yaani hewa inayosukumwa kando, na huo unaweza kupunguzwa kwa wembamba na urefu. Nusu ya pili ni uzito. Ndege inabebwa na hewa kwa sababu mgandamizo ulio chini ya mabawa unazidi ule wa juu, na mgandamizo huo unateremka na koni mpaka ardhini. Ardhi ndiyo inayobeba uzito wa ndege mwishoni, hata ikiwa iko kilomita 16 juu. Ndege ya abiria 100 yenye umbo bora kabisa itateremsha mgandamizo mkubwa kuliko X-59 yenye rubani mmoja, na kazi ya wabunifu ni kuurefusha mgandamizo huo kwa muda, mpaka mruko wa ghafla uwe mpando wa polepole ambao sikio linaupokea kama mgoto wa mbali.